Rangi na Mahali: Dhulma ya Rangi Inavyotofautiana Baina ya Kanda za Brazili

Wanafunzi wa madrasa na baadhi ya maimamu hutuletea swali hili kila linapotajwa suala la ubaguzi wa rangi: je, kuna nchi iliyokuwa na utumwa wa watu weusi kisha ikasalimika na maradhi hayo? Aghalabu muulizaji huwa na jibu lake tayari, nalo ni Brazili. Ameona wachezaji mpira wa kila rangi wamevaa jezi moja, amesikia kwamba huko mweusi na mweupe huoana bila ya kelele, akahukumu kuwa mambo yamekwisha. Wapo pia waliosoma zaidi kidogo, nao husema kinyume chake, kwamba hakuna pabaya kama huko.

Sisi tunaona kuwa makundi haya mawili yameteleza pamoja, kwa kuitazama nchi hiyo kana kwamba ni kitu kimoja. Brazili ilikuwa na watu milioni 203 kwa sensa ya mwaka 2022, na eneo lake ni kama mara tisa ya Tanzania. Sisi ambao kila mwaka hujadiliana juu ya kuandama kwa mwezi na tofauti za matlai tunajua vyema taabu ya kuchukua hukumu ya mahali pamoja na kuieneza kote. Basi tuitazame nchi hiyo kanda kwa kanda, kisha tuulize kwa njia ya maulamaa wa usul: ni ipi hasa illa ya dhulma hii?

HALI ILIVYO LEO

Nchi hiyo imegawanywa katika kanda tano: Kaskazini, Kaskazini-Mashariki, Kusini-Mashariki, Kusini na Magharibi ya Kati. Katika sensa kila mtu hujitaja mwenyewe rangi yake. Mwaka 2022 waliojitaja kuwa weupe walikuwa asilimia 43.5, weusi asilimia 10.2, na waliojiita "pardo", yaani waliochanganya damu, asilimia 45.3. Hizo ni hesabu za nchi nzima, wala hazielezi mengi. Ukishuka majimboni unaona picha nyingine kabisa. Katika Rio Grande do Sul, jimbo la mwisho upande wa kusini, weupe ni asilimia 78.4. Katika Bahia, Kaskazini-Mashariki, weusi peke yao ni asilimia 22.4, na mji wake mkuu, Salvador, una weusi na pardo zaidi ya asilimia 80. Katika Pará, kwenye mdomo wa mto Amazon, pardo ni karibu asilimia 70.

Hapa msomaji azingatie jambo moja. Neno pardo halina maana moja kila mahali. Bahia mara nyingi humaanisha mtu mwenye asili ya Kiafrika iliyochanganyika na ya Kizungu. Pará na Amazonas kwa sehemu kubwa humaanisha kizazi cha wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwepo kabla ya Mreno. Kwa hiyo anayejumlisha pardo wote na kuwaita Waafrika, na anayewajumlisha wote na kusema si Waafrika, wote wamekwenda haraka.

Tuje kwenye maisha. Mwaka 2021 idara ya takwimu ya nchi hiyo, IBGE, ilipima wastani wa kipato cha kazi kwa mwezi: weupe reali 3,099, pardo 1,814, weusi 1,764. Mwaka huo huo waliokuwa chini ya mstari wa umaskini wa dola 5.50 kwa siku walikuwa asilimia 18.6 ya weupe, asilimia 34.5 ya weusi na asilimia 38.4 ya pardo. Katika sensa ya 2022, wasiojua kusoma na kuandika miongoni mwa wenye miaka 15 na zaidi walikuwa asilimia 4.3 kwa weupe na 10.1 kwa weusi. Lakini ukiiacha rangi ukapima kwa kanda tu, unakuta Kusini wasiojua kusoma ni asilimia 3.4, na Kaskazini-Mashariki asilimia 14.2. Yaani pengo la kanda ni kubwa kuliko pengo la rangi.

Hapo ndipo penye mtego. Mtu akiziona hesabu hizi za mwisho anaweza kusema: kumbe si rangi, ni mahali tu. Weusi ni maskini kwa kuwa wengi wao wanaishi Kaskazini-Mashariki, na Kaskazini-Mashariki ni kanda maskini. Hoja hii husemwa sana huko kwao, na husemwa zaidi na wale wasiopenda jambo hili lizungumzwe.

NI IPI ILLA?

Maulamaa wa usul wana njia wanayoiita as-sabr wat-taqsim. Mwanachuoni hukusanya sifa zote zinazoweza kuwa illa ya hukumu, kisha huzijaribu moja baada ya nyingine, akaziondoa zisizofaa mpaka ibakie inayofaa. Hutumia pia njia ya ad-dawaran: sifa ikiwepo hukumu huwepo, na sifa ikiondoka hukumu huondoka. Njia hizi zimewekwa kwa ajili ya ahkamu za kisharia, lakini akili inayozitumia ni hiyo hiyo moja.

Tujaribu. Tuseme illa ni mahali. Basi ikibidi ndani ya kanda moja, mji mmoja, weusi na weupe wawe sawa, kwa kuwa mahali pao ni pamoja. Hawako sawa. Katika kanda zote tano, bila ya kuivua hata moja, wastani wa kipato cha weupe uko juu ya ule wa weusi na pardo. Mweupe wa Salvador na mweusi wa Salvador wanapigwa na jua moja na wanatawaliwa na gavana mmoja, na bado hawafanani mfukoni.

Tuseme basi illa ni rangi peke yake. Ikibidi pengo liwe la namna moja kila mahali, kwa kuwa rangi haibadiliki mtu akipanda basi. Nalo pia halikusimama. Mweupe masikini wa nyika kavu za Kaskazini-Mashariki ana hali duni kuliko weusi wengi wa miji ya São Paulo. Na kwa upande wa pili, katika Kusini-Mashariki penye utajiri mwingi, tofauti ya fedha baina ya mweupe na mweusi, ukiihesabu kwa reali, ni pana kuliko ile ya Kaskazini-Mashariki ambako hata mweupe hana kingi.

Lililo wazi zaidi ni suala la damu. Taarifa ya mwaka 2020 iliyotolewa na taasisi ya utafiti ya serikali, IPEA, kuhusu mauaji ya mwaka 2018, ilionesha kuwa katika kila watu 100,000 weusi na pardo waliuawa 37.8, na kwa wasiokuwa hao 13.9. Katika jimbo la Alagoas, Kaskazini-Mashariki, kiwango cha mauaji ya weusi na pardo kilikuwa zaidi ya mara 15 ya kile cha wengine. Na katika jimbo la Paraná, Kusini, mwaka huo huo mambo yaligeuka: kiwango cha wasiokuwa weusi ndicho kilichokuwa juu. Nchi ni moja na katiba ni moja, na pengo limetofautiana namna hii.

Basi illa hapa ni ile wanayoiita murakkaba, iliyoundwa kwa sehemu zaidi ya moja. Rangi na mahali vimefumwa pamoja, na aliyevifuma ni historia. Ndiyo maana hatuna budi kurudi nyuma.

BAHIA, NA RAMADHANI YA MWAKA 1250

Brazili ilipokea Waafrika karibu milioni 5 waliotiwa utumwani, kuanzia karne ya 16 mpaka miaka ya 1850. Hao ni zaidi ya mara kumi ya waliopelekwa moja kwa moja katika Marekani ya Kaskazini. Wala hawakutoka pahala pamoja. Rio de Janeiro ilijazwa zaidi na watu wa Angola, Kongo na Benguela, na katika karne ya 19 walikuja pia maelfu kwa maelfu kutoka pwani yetu hii ya mashariki, kupitia Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, Wamakua wakiwa wengi miongoni mwao. Gati la Valongo walikoteremshwa lilifukuliwa wakati wa ujenzi wa mji, na mwaka 2017 likaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Bahia, kinyume chake, ilifanya biashara na Ghuba ya Benin. Walioletwa huko walikuwa Wayoruba, Waewe na Wafon, na Wahausa. Na hapa inatubidi tuseme ukweli ulio mchungu. Wengi wa Wahausa na Wayoruba Waislamu walitekwa katika vita vilivyofuata jihadi ya Sheikh Uthman dan Fodio iliyoanza mwaka 1804, Waislamu wakiuzwa pande zote. Karne mbili kabla, mwaka 1615, Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu alikwishaandika Mi'raj as-Su'ud akibainisha kwamba weusi si sababu ya utumwa, kwamba kisa cha laana ya Ham hakina mashiko, na kwamba watu wa Kano, Katsina na Borno ni Waislamu ambao haifai kuwamiliki. Fatwa ilikuwepo, na watu waliendelea kuuzana.

Mjini Salvador Waislamu hawa waliitwa malê, neno la Kiyoruba la kumwita Mwislamu. Walifundishana kusoma kwa siri, wakiandika mbao na karatasi. Mwanachuoni wao mmoja aliitwa Bilal, ingawa bwana wake alimwita Pacífico Licutan. Waislamu walichanga mara mbili ili wamkomboe, na mara mbili bwana alikataa, ijapokuwa fedha ilikuwa mkononi. Mwenye kusoma fiqhi anajua kuwa Surat an-Nur, aya ya 33, imeamrisha kuandikiana mukataba na mtumwa mwenye kuutaka, na kwamba maulamaa wametofautiana, ni wajibu au ni mustahabb. Kwa bwana yule halikuwa wajibu wala mustahabb. Alipodaiwa na watu, mahakama ikamkamata Licutan kama inavyokamatwa samani, ikamtia jela ili apigwe mnada kulipia deni la bwana wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, sawa na Ramadhani ya 25 mwaka 1250 Hijria, wakatoka. Wanahistoria wanakisia walikuwa kama 600, wengi wamevaa kanzu nyeupe na hirizi zilizoandikwa aya shingoni. Walikwenda kwanza jela kumtoa Bilal, hawakufanikiwa. Kufikia alfajiri mambo yalikuwa yamekwisha, na Waafrika kiasi cha 70 wameuawa. Tarehe 14 Mei wanne walipigwa risasi. Wengine walichapwa viboko kwa mamia, siku baada ya siku. Licutan, ambaye usiku ule wote alikuwa ndani ya jela, alihukumiwa viboko 1,200. Karatasi walizokamatwa nazo, zenye sura za Qur'ani na dua, ziko hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Bahia.

Wengi wetu hukisimulia kisa hiki kwa fahari, kisha tukaishia hapo. Kinachohusu mada yetu ni kilichofuata. Tarehe 13 Mei 1835 jimbo la Bahia lilipitisha sheria namba 9. Mwafrika aliyeachwa huru alitozwa kodi ya kichwa ya milreisi 10 kwa mwaka, na alikatazwa kununua nyumba wala kiwanja. Aliyetiliwa shaka alifukuzwa nchini. Fikiri maana yake: mtu amejikomboa kwa jasho lake, amekuwa huru, na sheria inamwambia usimiliki ardhi ambayo mwanao atairithi. Mirathi ya weupe wa Bahia iliendelea kukua, na ya hawa haikuanza. Anayeshangaa leo kuwa mji wenye weusi wengi namna hii ndio ambao mali yake iko mikononi mwa wachache weupe, asianze na tabia za watu. Aanze na sheria hii.

Waliofukuzwa walirudi Afrika ya Magharibi, wakajenga Lagos, Ouidah na Porto-Novo, ambako msikiti mkuu wa zamani una sura ya makanisa ya Bahia. Wengine waliuzwa kusini. Mwaka 1866 manowari za Dola ya Uthmania zilizokuwa zikienda Basra zilichukuliwa na dhoruba hadi Rio de Janeiro, na ndani yake alikuwemo imamu Abdur-Rahman al-Baghdadi. Watu weusi wakaja kuwatolea salamu, mabaharia wakadhani wanachezewa shere. Imamu akabaki kuwafundisha, Rio, kisha Bahia, kisha Pernambuco, kiasi cha miaka mitatu, na akaandika safari yake. Anaeleza kwamba alikuta baadhi yao wanafunga Shaabani wakiidhani ndiyo Ramadhani, na kwamba watoto wao walikuwa wakichukuliwa na kanisa. Mwaka 1869 balozi wa Ufaransa mjini Rio aliripoti kuwa duka moja la vitabu la Mfaransa liliuza misahafu karibu 100 kwa mwaka, wanunuzi wakiwa watumwa na waliokuwa watumwa, wengine wakilipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Balozi huyo ni Gobineau, yule yule aliyetunga kitabu mashuhuri cha Ulaya juu ya kutokuwa sawa kwa kabila za wanadamu. Subhanallah! Mtu anaandika kwamba hawa hawana akili ya ustaarabu, kisha anahesabu kwa mkono wake vitabu wanavyovinunua kwa mkopo.

KUTOKA SUKARI HADI KAHAWA

Sasa tueleze vipi kanda mbili zilitengana. Kaskazini-Mashariki ndiko kulikokuwa na miwa, na kwa karne mbili ndiko kulikokuwa na mali. Sukari ilipoporomoka na kahawa ikapanda, mali ilihamia Kusini-Mashariki: Rio, Minas Gerais na hasa São Paulo. Biashara ya kuvuka bahari ilipokomeshwa mwaka 1850, wenye kahawa walinunua watumwa kutoka Kaskazini-Mashariki. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu kama 200,000 waliuzwa ndani kwa ndani namna hiyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880, wengi wao vijana, wakitenganishwa na jamaa zao. Kanda moja ilimaliza vijana wake na nyingine ikavuna kazi yao.

Ukame mkubwa wa 1877 hadi 1879 uliimaliza Ceará. Watu walikufa kwa mamia ya maelfu, na mwenye mtumwa akamuuza ili apate chakula. Lakini hapo hapo Ceará ndipo palipotoka jambo la kheri. Mwaka 1881 mabaharia wa jangada mjini Fortaleza, na jangada ni chombo kama mtepe wa magogo na tanga moja, waligoma kuwabeba watumwa kuwapeleka melini. Kiongozi wao, Francisco José do Nascimento, alikuwa rubani wa bandari, mtu wa rangi. Ceará ikafuta utumwa tarehe 25 Machi 1884, miaka minne kabla ya nchi nzima, ambayo iliufuta tarehe 13 Mei 1888. Hata kuachwa huru kulikuja kwa kanda. (Wala hilo lisitushangaze. Zanzibar iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922.)

Uhuru ulipokuja haukuja na ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1850 ilikuwa imekwishasema kuwa ardhi ya dola haipatikani ila kwa kununuliwa. Na São Paulo, badala ya kuwaajiri walioachwa huru, ililipa kwa fedha za umma nauli za Wataliano kuja kufanya kazi. Kutoka miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliingia Brazili wahamiaji kiasi cha milioni 4, karibu wote wakielekea Kusini-Mashariki na Kusini. Amri namba 528 ya mwaka 1890 ilisema wazi kuwa mlango uko wazi kwa wote wenye afya na nguvu za kazi, isipokuwa wenyeji wa Asia na Afrika, ambao hawaingii ila kwa idhini ya Bunge. Kusudio lilikuwa kuifanya nchi iwe nyeupe, na viongozi wake hawakulificha.

Kusini kwenyewe, Wajerumani walikuwa wamekwishapewa viwanja São Leopoldo tangu 1824, na Wataliano wakafuata 1875. Kwa hiyo mjukuu wa mkulima wa Kijerumani leo anarithi shamba, na mjukuu wa mtumwa wa viwanda vya nyama ya kukausha vya Pelotas, katika jimbo hilo hilo la Rio Grande do Sul, hakurithi kitu. Wengi hawajui kama huko Kusini kulikuwa na utumwa hata kidogo. Weusi wa kule wanasahauliwa mara mbili, na nchi yao na hata na weusi wenzao. Tena hao ndio walioanzisha, mwaka 1971 mjini Porto Alegre, kuiadhimisha tarehe 20 Novemba, siku aliyouawa Zumbi wa Palmares mwaka 1695. Siku ambayo sheria ya Desemba 2023 imeifanya mapumziko ya kitaifa. Palmares yenyewe iko Alagoas, jimbo lile lile tulilolitaja kwa mauaji.

Tuongeze kufuli moja zaidi. Sheria ya mwaka 1881 iliondoa kura ya asiyejua kusoma, na mlango huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1985. Kanda yenye wasiojua kusoma wengi zaidi ilikosa sauti kwa zaidi ya miaka mia, na ndani ya kanda hiyo waliokosa zaidi ni weusi.

KWA NINI WANAZUONI WAO WALIKHITALIFIANA

Mwaka 1933 Gilberto Freyre, mtu wa Recife katika Kaskazini-Mashariki, alitoa kitabu chake Casa-Grande & Senzala, na kutokana nacho ikakua fikra kwamba Brazili ni nchi ya udugu wa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 UNESCO ikapeleka watafiti ili dunia ijifunze kutoka huko. Yaliyotokea yanafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa khilafu. Thales de Azevedo aliyechunguza Bahia alikuta watu wa rangi waliopanda daraja, na akaona kizuizi kikubwa ni tabaka. Roger Bastide na Florestan Fernandes waliochunguza São Paulo, ambako mweusi alikuwa akishindana na mwana wa mhamiaji kwa kazi moja, walikuta chuki iliyo wazi. Kila mmoja alisema alichokiona. Kosa lilikuwa kwa waliochukua kauli ya Bahia wakaifanya kauli ya Brazili.

Na São Paulo ilipojaa wahamiaji wa ndani kutoka Kaskazini-Mashariki katika karne ya 20, likazuka jambo la ajabu: neno "baiano", yaani mtu wa Bahia, likawa tusi la kumwita kila mgeni masikini wa kanda ile, hata asiyetoka Bahia, hata mweupe. Mahali pakageuka kuwa rangi.

TIBA, NA MASUALA YETU YA FIQHI

Dola ya Brazili imejaribu tiba kadhaa. Iliyo karibu na mada yetu ni sheria namba 12.711 ya mwaka 2012, inayotenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma shule za umma, na ndani ya nusu hiyo sehemu ya weusi, pardo na wenyeji wa asili kwa kadiri ya uwiano wao katika jimbo chuo kilipo. Tunaona waliotunga sheria hii walifahamu illa: hawakuweka kipimo kimoja kwa Bahia na Rio Grande do Sul. Kwa upande wa ardhi mambo ni mazito zaidi. Katiba ya 1988 iliwapa haki ya hati jamii za quilombo, wajukuu wa watumwa waliotoroka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu hao milioni 1.3, theluthi mbili wako Kaskazini-Mashariki, na walioishi ndani ya ardhi yenye hati kamili walikuwa asilimia 4.3 tu.

Kwa upande wetu, masuala mawili. La kwanza ni kufu katika ndoa. Mashafii wamehesabu dini, nasaba, uhuru, kazi na kusalimika na aibu, na Imamu Malik akaelekea kwenye dini. Rangi haimo katika orodha ya yeyote. Hata hivyo sote tunajua namna rangi inavyoingizwa kwa mlango wa nyuma, ikivishwa nguo ya nasaba, katika posa za pwani yetu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Abu Dharr (r.a.) alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa ndani yake bado mna ujahili, na wapo wanaosema mtu huyo ni Bilal. Abu Dharr ni katika waliotangulia kusilimu, na hakuachiwa.

La pili ni zaka. Waislamu wa Brazili leo, waliohesabiwa 35,167 katika sensa ya 2010, wengi wao ni wa asili ya Shamu na Lebanoni, na misikiti yao mikubwa iko São Paulo na Paraná. Kizazi cha malê wa Bahia hakikubakisha jamaa ya Kiislamu inayojulikana. Waliosilimu Salvador leo ni wachache na wengi wao hali zao ni dhaifu. Je, zaka ya mfanyabiashara wa Foz do Iguaçu ipelekwe Bahia, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000? Mashhuri ya madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa zaka haihamishwi maadamu wanaostahiki wapo katika mji ilipotoka mali, kwa dalili ya hadithi ya Muadh (r.a.) alipopelekwa Yemen achukue kwa matajiri wao na kuwarudishia masikini wao. Mahanafi wanaona kuhamisha ni makuruhu, ila ikiwa ni kwa jamaa au kwa wenye haja zaidi. Na Abu Ubayd katika Kitabul-Amwal amepokea kuwa Muadh huyo huyo alimpelekea Umar (r.a.) theluthi ya zaka za Yemen, na Umar akamkatalia, mwaka uliofuata nusu, akamkatalia, kisha akaipeleka yote, na alipoulizwa akajibu kuwa hakumpata huko wa kuichukua. Katika Foz do Iguaçu masikini wapo. Kwa hiyo anayefuata qauli ya Shafii atoe hapo kwanza, na sadaka zake za khiari azipeleke Salvador, kwani katika hizo hakuna mwenye kuzuia. Wallahu a'lam.